"Sensa ililia, ikanyamaza, nikagonga"

Swali: "Habari za kazi, fundi. Naendesha Toyota Ractis niliyoagiza kutoka Japani. Ilikuja bila sensa za kupaki, nikafungiwa nne za nyuma Kariakoo mwaka jana. Juzi nilikuwa napaki mbele ya duka la dawa hapa Tabata, narudi nyuma taratibu kabisa. Sensa zikaanza kulia, halafu zikanyamaza. Nikajua nimeshakikwepa hicho kitu, nikaendelea. Kumbe ni kile kinguzo kifupi cha zege wanachopaka chokaa, bampa likapasuka kwa chini. Tena mvua ikinyesha, nikitia rivasi zinalia mfululizo hata kama nyuma hakuna kitu. Fundi wangu anasema zimekufa, ninunue seti ya nane. Baba Ilham anasema nizing'oe zote niweke kamera. Nimsikilize nani?" Mama Ilham, Tabata.

Jibu:

Mama Ilham, pole kwa bampa. Kwa jinsi ulivyosimulia, siku ile ya duka la dawa sensa zako zilikuwa nzima. Zilikiona kile kinguzo, zikakuambia, halafu zikakipoteza kwa sababu ulikikaribia. Hilo la mwisho ndilo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Anayekufungia anasimama nyuma ya gari, anapeleka kiganja, sensa inalia, unalipa, unaondoka. Inavyolia umeonyeshwa. Inavyonyamaza hukuonyeshwa, na kunyamaza ndiko kulikopasua bampa lako.

Kile kidude cha duara unachokiona kwenye bampa ni spika na maikrofoni kwa pamoja. Nyuma ya uso wake wa alumini kumebandikwa kijisahani cha kauri chenye tabia mbili: ukikipa umeme kinatetemeka, na kikitetemeshwa kinatoa umeme. Hiyo tabia ya kutoa umeme kwa kubanwa iligunduliwa kwenye fuwele na ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Unapotia rivasi, umeme wa taa ya rivasi unaamsha kisanduku kilichofichwa kwenye buti. Kisanduku kinaichapa sensa umeme kwa kitambo kifupi sana, nayo inatoa mlio. Seti nyingi za madukani zinalia kwenye kilohezi 40 hivi, yaani mitetemo 40,000 kwa sekunde, na za kiwandani mara nyingi huzidi hapo kidogo. Sikio la binadamu linaishia karibu kilohezi 20, kwa hiyo mlio wenyewe huusikii kamwe. Ile "pii, pii" ni ya spika ndogo iliyoko ndani ya gari, ni taarifa tu unayosomewa.

Mlio unakwenda, ukigonga kitu unarudi kama mwangwi. Hewani, kwenye joto la nyuzi 20, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Kitu kikiwa mita moja nyuma ya bampa, sauti inakwenda mita moja na kurudi mita moja, inatumia milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) zisizofika 6. Kisanduku kinapima muda huo, kinapata umbali, kinaongeza kasi ya mlio kadiri umbali unavyopungua. Kazi yote ni hiyo. Hakijui kama mbele yake ni ukuta, mbuzi au Prado ya jirani. Toyota walikuwa na kitu cha namna hii kwenye Corona tangu mwaka 1982, na kanuni haijabadilika mpaka leo, ziwe za bei ya juu au zile za kwenye boksi la Kariakoo.

Nitoe kabisa na hili, kwa sababu nimeshalisikia mara nyingi gereji: kwamba joto la Dar "linazidanganya" sensa. Kweli sauti hukimbia zaidi hewa ikiwa ya moto. Kwenye nyuzi 35 inafika karibu mita 352 kwa sekunde. Lakini hata kisanduku kiwe cha bei ya chini namna gani, kikidhani muda wote ni nyuzi 20, kosa lake kwenye umbali wa mita moja halifiki sentimita 3. Hakuna bampa lililopasuka kwa sababu ya sentimita 3 hizo. Joto lisingiziwe mengine.

Sasa kinguzo chako. Sauti ya sensa haitoki kwenye mstari mmoja. Inatanuka kama mwanga wa tochi, ikienda pana zaidi pembeni kuliko juu na chini. Watengenezaji wamefanya hivyo kusudi, maana ingetanuka chini kupita kiasi ingekuwa inaiona lami muda wote na kulia bure. Tuchukulie inafunguka nyuzi 30 kwenda juu na nyuzi 30 kwenda chini, na sensa zako zimefungwa sentimita 55 kutoka ardhini. Ukiwa mita moja kutoka kwenye kinguzo, ukingo wa chini wa sauti unafika ardhini, kwa hiyo kinguzo chote kimo ndani. Sensa inalia. Rudi nyuma mpaka zibaki sentimita 40. Hapo ukingo wa chini unapita sentimita 32 juu ya ardhi. Vile vinguzo vya mbele ya maduka vingi vina kimo cha sentimita 30 hivi. Sauti inapita juu ya kichwa chake, haigongi kitu, hairudi. Kisanduku kinasubiri mwangwi, hakipati, kinanyamaza. Wewe ndani ya gari unaelewa umeshapita. Na sehemu ya chini kabisa ya bampa, ambayo iko chini ya kimo hicho, inakwenda moja kwa moja kwenye zege.

Kwa hiyo ukimya wa sensa una maana moja tu: hakuna mwangwi wenye nguvu ya kutosha ulioirudia. Haimaanishi nyuma ni peupe. Ikilia halafu ikakata wakati gari bado linarudi na usukani hujaugeuza, kanyaga breki, shuka, tazama. Huenda ni mtu aliyekuwa anapita akaenda zake. Huenda pia ni kitu kifupi kilichozama chini ya sauti, na kati ya hayo mawili kifaa hakiwezi kukuchagulia.

Hesabu hiyo ukiigeuza juu inatisha zaidi. Lori limepaki nyuma yako, bodi lake limeanzia sentimita 110 kutoka ardhini na chini yake ni uwazi mtupu mpaka kwenye matairi. Kutoka mita moja, ukingo wa juu wa sauti unafika sentimita 113, kwa hiyo sensa inaliona kwa kulipapasa. Kwenye sentimita 40 ukingo huo umeshuka hadi sentimita 78. Bodi limepotea, na kwenye gari fupi kama Ractis kioo cha nyuma hakiko mbali na usawa wa bampa. Wanaopaki Buguruni au pembezoni mwa Barabara ya Mandela, kwenye malori ya bandarini, wanajua kioo cha nyuma kinavyovunjika huku bampa halina hata mchubuko. Gari lenye tairi la akiba mlangoni, kama RAV4 za zamani na Escudo, lina balaa lake jingine: sensa inapima kutoka kwenye bampa, na tairi likitokeza kupita bampa ndilo linalotangulia kufika.

Guta lililobeba nondo ni mfano mbaya kuliko yote. Nondo zinatokeza nyuma, ncha zake zinaelekea kioo chako, na kila ncha ni kitu chembamba chenye uso usiotosha kurudisha sauti. Kwenye kilohezi 40 urefu wa wimbi moja ni milimita 8.6. Kitu chembamba kuliko hapo, kama waya wa uzio au kamba ya kuzuia maegesho, sauti inakizunguka na kuendelea na safari. Bomba la chuma la kusimamishia bango ni nene kuliko hapo, lakini ni la mviringo, linatawanya sauti pande zote na kinachorudi kwenye bampa lako ni ule mchirizi mdogo ulioligonga usoni. Mara litaonekana, mara halitaonekana, kutegemea umeliingia kwa pembe ipi. Ukuta nao, mkubwa hivyo, unaweza kukosekana kama unauendea kwa ubavu: sauti inaugonga na kurukia upande mwingine.

Vitu laini vinameza sauti. Nguo za mitumba zilizotundikwa kwenye kamba, godoro lililoegemezwa ukutani, gunia. Na mtu aliyevaa dera au koti zito anarudisha mwangwi hafifu kuliko mlango wa gari. Hapo nitarudi baadaye, maana ndiyo sehemu nzito ya jibu langu.

Mtaro sitausemea sana. Shimo halina uso wa kurudisha sauti, kwa hiyo hakuna sensa ya bampa itakayokuambia kuwa tairi la nyuma linaelekea mtaroni. Sinza, Manzese, Tandika, popote penye mitaro isiyofunikwa, mlinzi wako ni macho yako.

Kuna na ukimya wa karibu sana, au tuseme upofu, kwa sababu hapo sensa inalia lakini haioni. Ile sahani ikishachapwa umeme haitulii papo hapo, inaendelea kutetemeka yenyewe kwa kama milisekunde moja. Katika muda huo haiwezi kusikiliza, na milisekunde moja ni safari ya sentimita 17 kwenda na 17 kurudi. Kitu kilicho karibu kuliko hapo mwangwi wake unafika wakati sensa bado ina makelele yake yenyewe. Ndiyo maana seti nyingi zimepangwa zilie mfululizo bila kukata kuanzia sentimita 30, zikikuambia simama. Mlio ukiwa mfululizo huna tena kipimo. Inaweza kuwa sentimita 28, inaweza kuwa 6. Kile kijana wa maegesho anachokuambia, "njoo, njoo, bado, njoo mama," anakiona kwa macho. Wewe na sensa yako hamkioni. Ukiamua kumfuata, mfuate, lakini usichanganye ushauri wake na mlio wa gari ukadhani vinathibitishana.

Mwendo nao. Sensa za kawaida zinaona mpaka mita 1.5, nyingine zinafika 2 au 2.5 kwa vitu vikubwa kama ukuta. Kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, ni mita 1.4 kwa sekunde. Kisanduku kinazichapa sensa kwa zamu, kinalinganisha majibu ili kisilie kwa kila kelele, halafu ndipo kinakuarifu. Baada ya hapo ubongo wako nao unataka sehemu ya sekunde, na mguu unataka yake. Ukijumlisha, kwenye kilomita 5 kwa saa umeshamaliza karibu umbali wote uliokuwa nao. Ukirudi nyuma kwa kasi ya daladala inayowahi abiria, mlio wa kwanza na kishindo vinakuja pamoja. Wewe ulisema ulikuwa taratibu, na nakuamini, kwa sababu bampa limepasuka chini tu. Ungekuwa na kasi lingening'inia.

Jambo jingine ambalo halikukupata lakini litampata msomaji mwingine: ukirudi nyuma huku umekata usukani wote, pua ya gari inatupwa nje. Mikwaruzo ya milango na fenda za mbele kwenye maegesho ya Kariakoo inatokana na hapo kwa wingi. Sensa za nyuma haziwezi kuijua, kwa sababu zinaangalia nyuma.

Tuje kwenye mvua. Hapa fundi wako ana uwezekano wa kuwa sahihi nusu. Matone yakikaa kwenye uso wa sensa yanabadilisha mtetemo wake, ule wa kujitulia unarefuka, na kisanduku kinausoma kama kitu kilicho karibu sana. Ndiyo maana inalia mfululizo na si kwa kukatakata. Matope ya masika yanafanya vilevile. Mvua kubwa yenyewe ina kelele nyingi ambazo sisi hatuzisikii lakini sensa inazisikia, na breki za upepo za lori zikipuliza jirani yako zinatoa kelele za aina hiyo hiyo. Gari la pembeni lenye sensa za masafa yaleyale linaweza pia kuingilia. Hayo yote ni ya kawaida. Futa sensa kwa kitambaa, ikitulia, nzima.

Lakini kama inaendelea kulia kesho yake jua likiwaka, hiyo si tabia, ni ugonjwa. Mara nyingi maji yameingia kwenye plagi iliyoko nyuma ya bampa, au sensa imepata ufa, au ile raba inayoizunguka imechakaa na sensa inagusana moja kwa moja na plastiki ya bampa. Raba ile ipo ili mtetemo usihamie kwenye bampa. Fundi akitoboa tundu dogo kisha akaisukumia sensa ndani kwa nguvu, anaibana, na itakuwa inajisikia yenyewe siku zote. Sababu nyingine ya kulia bure ni kufungwa chini sana au kufungwa ikiwa imezungushwa vibaya. Nyingi zina alama ya mshale au neno la kuonyesha upande wa juu. Ukikumbuka kuwa sauti ni pana kwenda pembeni na nyembamba kwenda juu, utaona kinachotokea ukiizungusha robo: upana unahamia chini na inaanza kuisoma barabara. Mzigo mzito kwenye buti nao unaikalisha gari nyuma, bampa linainama, sensa zinaangalia ardhi. Wakazi wa Goba na Mbezi wenye mageti ya kupanda mlima wanajua gari linavyopiga kelele likiutazama mwinuko wenyewe. Hapo hakuna cha kutengeneza.

Kabla hujatoa hela, jipimie mwenyewe nyumbani. Paki sehemu tambarare, vuta handbreki, weka tofali mbele na nyuma ya tairi. Zima injini, kisha fungua swichi bila kuwasha gari, na baba Ilham akae ndani mguu kwenye breki, atie rivasi. Wewe inama nyuma, sogeza sikio kwenye sensa moja moja. Kila iliyo hai inatoa "tik, tik, tik" hafifu, na ukiigusa kwa ncha ya kidole utahisi mtetemo. Ambayo haina mlio wala mtetemo wakati wenzake wanao, hiyo ndiyo ya kushukiwa. Mwambie fundi ahamishe plagi yake pale kwenye kisanduku, ibadilishane nafasi na ya jirani. Ubovu ukihama pamoja na sensa, sensa imekufa, nunua moja tu ya masafa yaleyale. Ubovu ukibaki kwenye tundu lilelile, tatizo ni kisanduku. Dakika kumi za kazi, na usikubali mtu akuuzie seti nzima kabla hajazifanya.

Mkiwa hapohapo, chukua kreti la soda, liweke mita moja nyuma ya bampa, ulisukume kuelekea gari kwa mpini wa ufagio. Litalia, litalia kwa haraka, kisha kwa karibu litanyamaza. Umbali linaponyamaza uuweke alama kwa chokaa sakafuni. Huo ndio mpaka wa gari lako kwa vitu vifupi, na ni wa kweli kuliko namba yoyote iliyoandikwa kwenye boksi.

Seti ya nane? Nane maana yake ni nne za nyuma na nne za mbele. Zile nne za mbele hazitakusaidia chochote kwenye kinguzo kilicho nyuma. Kama una shida ya kukwangua pua, ni habari nyingine, lakini si hiyo uliyoniandikia. Tena kuongeza sensa hakubadilishi tanuko la juu na chini. Zingekuwa kumi na mbili, kinguzo kingepotea palepale.

Ushauri wa baba Ilham una uzito zaidi, ila sababu kubwa si bampa. Marekani walipozipima sensa za nyuma na kutoa ripoti kwa Bunge lao mwaka 2006, zilionekana dhaifu katika kugundua watu waliosimama nyuma ya gari, hasa watoto. Ukishaelewa mwangwi huwezi kushangaa: mtoto ni mdogo, amevaa nguo laini, hatulii. Mamlaka ya usalama barabarani ya huko ilikadiria vifo takriban 210 kwa mwaka vya watu wanaogongwa na magari madogo yakirudi nyuma, karibu theluthi moja wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Sheria yao iliyofuata ikataka picha, si mlio: tangu Mei 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa kule sharti liwe na kamera ya nyuma. Ulaya wamekuwa na masharti yao ya kugundua kilicho nyuma kwa magari mapya yote tangu Julai 2024. Sisi magari yetu mengi ni yaliyotumika, ya miaka ya nyuma, na yanapaki kwenye uwanja uleule ambao watoto wa nyumba nne wanachezea.

Kwa hiyo kama Ilham bado ni mdogo, au uwanja wenu ni wa kuchangia, weka kamera. Usiing'oe sensa. Kamera inaona kinguzo kifupi, mtoto na mtaro, mradi uiangalie. Lakini lenzi yake pana inaonyesha vitu kuwa mbali kuliko vilivyo, usiku inategemea taa yako ya rivasi, na tone moja la tope linaifuta yote. Sensa haina haja ya kuangaliwa na inapima umbali vizuri kwa ukuta na milango ya magari. Zina upofu tofauti, ndiyo faida ya kuwa nazo zote mbili. Na hata ukiwa nazo, kabla ya kuingia kwenye gari nyumbani zunguka nyuma yake kwa miguu. Hicho hakiuzwi kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani.

Kwa wanaoniuliza kila mara kuhusu magari yaliyokuja na sensa za kiwandani kutoka Japani: hesabu matundu kwanza. Baadhi yana sensa kwenye pembe za bampa peke yake, katikati hamna, kwa hiyo kuamini katikati ni kujidanganya. Na Toyota nyingi zina swichi yake karibu na goti la dereva, yenye mchoro wa gari na mawimbi. Nimeshaletewa magari yenye "sensa mbovu" ambayo tatizo lake lote lilikuwa swichi hiyo imezimwa.

Mama Ilham, bampa lako sasa linakwenda kwa fundi rangi, na hapo ndipo sensa nyingi nzima hufia. Azitoe zote nne kabla ya kuunganisha plastiki na kupiga pati, ile dawa ya kuziba na kusawazisha kabla ya rangi. Kama unataka zifanane na rangi ya gari, zipigwe koti moja jembamba zikiwa nje, bila pati. Rangi ikikaa nene uso hautetemeki vizuri, na pati inaua kabisa. Wakati wa kurudisha, kila waya urudi kwenye tundu lake, maana wakizichanganya, seti yenye kioo cha kuonyesha umbali itakuonyesha kushoto kitu kilichoko kulia. Mshale uangalie juu, raba ziwe nzima, na bampa lifungwe klipu zote, kwa sababu likilegea na kuinama hata kidogo sensa zinaanza kusoma barabara. Ukienda kuosha gari, mwambie kijana wa pampu asizipige maji kwa karibu. Kisha rudia jaribio la kreti. Mpaka wa ukimya ukiwa umehama sana kutoka kwenye ile alama ya chokaa, bampa halikurudi kwenye kimo chake, lirudishe kwa fundi kabla hujamalizia malipo.